Huduma kwa Mgonjwa Asiyepona na Mfuko wa Usharika: Tafakari kutoka Mnazi, Usambara

Utangulizi

Katika sharika zetu za Usambara ni mambo machache yanayoitikiwa upesi kama msiba. Habari ya kifo ikifika, daftari la rambirambi hufunguliwa siku ile ile. Jeneza hununuliwa, gari hukodiwa, akina mama hukusanya unga, maharage na kuni, na mchungaji huacha shughuli zake nyingine ili awe pamoja na wafiwa. Desturi hii ni njema, na Kanisa halina budi kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo tunalo swali ambalo tungependa ndugu wachungaji na wanafunzi wa theolojia walitafakari pamoja nasi: miezi mitatu kabla ya siku hiyo, marehemu alipokuwa angali hai, amelala kwa maumivu ndani ya nyumba yake, daftari lilikuwa wapi?

Makala hii inakusudia kueleza thamani ya huduma ya hospisi, yaani huduma kwa wagonjwa ambao maradhi yao hayaponyeki tena, na ugumu wa kuigharimia. Tumechagua kuitazama kutoka Mnazi, katika wilaya ya Lushoto, kwa sababu mahali pale huonyesha wazi jambo ambalo mijini hujificha. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya huduma hii inaweza kubebwa na usharika wenyewe, na kwamba fedha za sehemu hiyo mara nyingi zipo tayari mikononi mwa waumini, ila hutolewa baada ya mgonjwa kufa. Kwa hiyo suala la fedha za hospisi ni suala la mafundisho na ibada kabla ya kuwa suala la wafadhili.

1. Maana ya hospisi na tiba shufaa

Neno hospisi lina asili ya Kilatini, na katika lugha hiyo lilihusu ukarimu kati ya mwenyeji na mgeni. Katika karne za kati lilitumika kwa nyumba za kuwapokea wasafiri na wagonjwa. Katika nyakati zetu lilipewa maana mpya na Cicely Saunders wa Uingereza, aliyefanya kazi kama muuguzi, kisha kama mhudumu wa ustawi wa jamii, na hatimaye kama daktari. Mwaka 1967 alifungua Hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sura nne: ya mwili, ya nafsi, ya jamii na ya roho. Mwenye saratani huumwa na kidonda, huumwa na hofu, huumwa na fikra za watoto atakaowaacha na deni asilolilipa, tena huumwa na swali la kwa nini Mungu amemwacha. Anayetibu sura moja tu ya maumivu hayo hajamtibu mtu huyo.

Kwa Kiswahili huduma hii sasa huitwa tiba shufaa au huduma shufaa. Jina hili lafaa sana kwa wanatheolojia, kwa kuwa shufaa ni maombezi, ni kusimama kwa niaba ya mwingine. Anayetoa tiba shufaa humwombea mgonjwa kwa Mungu, na pia humwombea nafuu kwa wanadamu: dawa kwa mfamasia, nauli kwa jirani, msamaha kwa ndugu waliokosana.

Ifahamike pia kwamba hospisi si lazima iwe jengo. Katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya huduma hii hutolewa nyumbani kwa mgonjwa. Muuguzi aliyefundishwa humtembelea, hupima maumivu yake, humpa dawa na kuwafundisha jamaa namna ya kumgeuza, kumwosha, kusafisha kidonda na kumlisha asiyeweza kumeza. Huduma haiharakishi kifo, wala haikirefushi kwa mateso yasiyo na faida. Inamsaidia mtu aishi siku zake zilizobaki akiwa mtu.

Dawa iliyo kiini cha huduma hii ni mofini ya kunywa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliopanga dawa za maumivu ya saratani katika ngazi tatu, na mofini iliwekwa katika ngazi ya juu. Unga wake huchanganywa na maji na vihifadhio, mgonjwa akapewa chupa ya kukaa nayo nyumbani. Kwa kawaida hunywa kila baada ya saa nne, na dozi ya usiku yaweza kuongezwa ili apate usingizi. Husababisha kufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Watu wengi, hata watumishi wa afya, huogopa kwamba mgonjwa atageuka mtumwa wa dawa. Hofu hiyo haina msingi mkubwa dozi inapopimwa kulingana na maumivu na kusimamiwa na mwenye ujuzi. Dawa yenyewe si ya gharama kubwa. Ugumu wake upo katika udhibiti wa kisheria, uhaba wa watumishi walioidhinishwa na urefu wa safari kutoka ghala la dawa hadi kitanda cha mgonjwa.

2. Mgonjwa wa Mnazi

Mnazi ipo kwenye tambarare ya Umba, upande wa kaskazini wa milima ya Usambara Magharibi, kuelekea Hifadhi ya Mkomazi na mpaka wa Kenya. Msomaji anayeijua Lushoto kwa baridi, ukungu na mashamba ya mboga atashangaa akiteremka kutoka Mlalo. Huko chini ni joto na vumbi, na mkonge umelimwa kwa miaka mingi. Wasambaa, Wapare, wafugaji wa Kimaasai na wengine wengi wanaishi jirani. Waislamu ni wengi, na usharika wa Kilutheri unaishi kati yao.

Tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani, wa mama mkulima wa tambarare hii mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni saratani inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko nyingine zote. Dalili za kwanza huzifanyia dawa za miti shamba, kisha huenda zahanati, kisha hupanda mlima hadi hospitali ya wilaya mjini Lushoto au Hospitali ya Kilutheri Bumbuli. Akielekezwa mbele, huenda KCMC mjini Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa saratani nchini, hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Huko hupewa mionzi ya kupunguza damu na maumivu, kisha huambiwa arudi nyumbani. Njiani ng'ombe amekwisha kuuzwa na shamba limekodishwa.

Hapo ndipo upungufu unapoonekana. Hospitali kubwa imemaliza sehemu yake. Zahanati ya karibu ina watumishi wachache na kwa kawaida haina mofini. Kupanda mlima kila mwezi kufuata chupa ya dawa ni safari ambayo mtu mwenye kidonda kinachotoka maji hawezi kuivumilia, wala jamaa zake hawana tena nauli. Mgonjwa hukaa chumba cha nyuma kwa sababu ya harufu. Watoto huzuiwa wasiingie. Wageni hupungua. Tunaambiana kwamba ameachiwa Mungu, na maneno hayo, ambayo yangepaswa kuwa ungamo la imani, yamekuwa njia ya kumwacha mtu.

Hali hii si ya Mnazi peke yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 56.8 duniani huhitaji tiba shufaa kila mwaka, nao wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Wengi wa wanaoikosa wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyataka mataifa yote yaingize huduma hii katika mifumo yao ya afya. Azimio ni jema, lakini azimio halipandi pikipiki kwenda Mnazi.

3. Msingi wa kitheolojia

Maandiko yanafahamika kwa wasomaji wa jarida hili, nasi tutayataja kwa kifupi. Rafiki za Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa chini pamoja naye bila kusema neno (Ayubu 2:11-13). Walikosea walipoanza kueleza. Msamaria wa Luka 10 alifunga jeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akalipa gharama na kuahidi kulipa tena. Wahubiri wengi hukazia huruma yake na kuzipita fedha zake. Yakobo 5:14 inawataka wazee wa kanisa waende kwa mgonjwa. Haisemi wamngoje kanisani.

Urithi wetu wa Kilutheri una hazina ambayo hatuitumii vya kutosha. Mwaka 1519 Luther aliandika hotuba juu ya kujiandaa kufa. Anaanza na mambo ya kawaida kabisa: mtu apange mali yake ili jamaa wasigombane, asamehe na kuomba msamaha. Kisha anamwelekeza amtazame Kristo, asizitazame picha za kifo, dhambi na kuzimu zinazomjia kitandani. Anazitaja sakramenti kama ishara za hakika za ahadi ya Mungu, na anamhakikishia anayekufa kwamba hafi peke yake, maana Kristo, malaika na watakatifu wote wako pamoja naye. Tukiilinganisha hotuba hiyo na mafundisho ya Saunders, tunaona kwamba maumivu ya jamii na ya roho yalikuwa yametajwa na mchungaji zaidi ya miaka 400 kabla.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Luther alibaki mjini, na nyumba yake ikapokea wagonjwa. Mwaka huo alitoa waraka wake kuhusu kama Mkristo aruhusiwa kuikimbia tauni. Alikubali kwamba ingekuwa vizuri sana kama serikali ingekuwa na nyumba za wagonjwa na watumishi wa kutosha. Mahali ambapo hazipo, alisema, jirani ndiye hospitali ya jirani yake. Fundisho hilo linaihusu Mnazi moja kwa moja. Halimwondolei mtawala wajibu wake, wala halimpi Mkristo ruhusa ya kungoja mpaka mtawala autimize.

Pamoja na hayo, theolojia ya msalaba, ambayo Luther aliieleza Heidelberg mwaka 1518, inatufundisha kumtafuta Mungu pale alipojificha, katika udhaifu na mateso. Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Theolojia ya msalaba haisemi kwamba maumivu ni mema, au kwamba mgonjwa akinyimwa dawa atakuwa karibu zaidi na Kristo. Mhubiri anayemwambia mama mwenye saratani ajivike maumivu yake kama msalaba, huku dawa ya kuyapunguza ipo, amemtwisha mzigo ambao Mungu hakuuweka. Msalaba unatuita sisi tulio wazima tuingie katika chumba kile cha nyuma.

4. Urithi wa Usambara

Ni vema kukumbuka kwamba udiakonia haukuletwa Usambara na miradi ya miaka ya karibuni. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na misheni yao ilifungamana na Bethel ya Friedrich von Bodelschwingh huko Ujerumani, ambako kuwatunza wenye kifafa na wenye ulemavu kulihesabiwa kuwa sehemu ya kuihubiri Injili. Kutoka shina hilo ilitokea kazi ya Lutindi, ambako nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani iligeuka baadaye kuwa makao ya wagonjwa wa akili. Kutoka shina hilo pia ilitokea hospitali ya Bumbuli. Hata elimu yetu ya theolojia ina mizizi huku, kwa kuwa chuo cha Kilutheri kilianza Lwandai, karibu na Mlalo, mwaka 1947, kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Wachungaji wa kwanza wa chuo hicho walisoma juu ya mlima ule ule ambao miguuni mwake ipo tambarare ya Mnazi.

Mifano ya hospisi yenyewe haiko mbali. Harare ilianza mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 chini ya Dkt. Anne Merriman, aliyeifanya mofini ya kunywa kuwa dawa ya nyumba za kawaida. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kuandika mofini, hatua iliyoifikisha dawa vijijini. Katika nchi yetu, Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma hii mwishoni mwa miaka ya 1990, na kutoka hapo ikaenea katika hospitali nyingine za Kanisa letu. Chini ya Usambara Mashariki, Hospitali Teule ya Muheza, yenye asili ya Kianglikana, ilianzisha hospisi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo swali la kama jambo hili linawezekana katika mkoa wa Tanga limekwisha kujibiwa. Linalobaki ni nani alipe.

5. Fedha zilikotoka na zinavyokoma

Tiba shufaa katika Afrika Mashariki ilipanuka wakati wa janga la UKIMWI. Wafadhili wa nje waliona watu wakifa kwa maelfu, wakatoa fedha. Mfuko wa ukumbusho wa Diana, Binti Mfalme wa Wales, ulisaidia huduma hii katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kuanzia mwaka 2003 mpango wa UKIMWI wa Serikali ya Marekani ulileta fedha nyingi zaidi, na huduma ya nyumbani kwa wagonjwa ilinufaika. Watu wengi walikufa kwa heshima kwa sababu ya misaada hiyo, nasi hatuna budi kushukuru.

Lakini fedha hizo zilikuwa na tarehe ya mwisho. Mfuko wa Diana ulifunga kazi zake mwaka 2012, kama ulivyokuwa umetangaza. Dawa za kufubaza virusi zilipoenea, wafadhili wengi walielekeza nguvu kwenye upimaji na matibabu, na mgonjwa wa saratani asiye na virusi akaonekana yuko nje ya mradi. Hatimaye, Januari 2025, Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likafikia mwisho wake. Wengi waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo walijikuta hawana kazi kwa muda wa wiki chache.

Somo ni rahisi. Mradi una mwanzo na mwisho, bali kufa hakuna mwisho mpaka Bwana arudi. Hitaji linalorudi kila mwaka haliwezi kutegemea fedha zinazotolewa mara moja. Wengine wataijibu hoja hii kwa kusema mgonjwa achangie gharama. Lakini tumekwisha kuona kwamba mgonjwa wa hospisi huifikia huduma hii baada ya kuuza alichokuwa nacho. Kumtoza ni kumfukuza. Bima nayo italeta nafuu: Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Hata hivyo bima kwa asili yake hulipa kituo cha tiba kwa kazi iliyofanyika kituoni. Nauli ya muuguzi kuteremka mlima, sabuni, glavu, mpira wa kitanda na kilo mbili za unga wa uji si rahisi kuingia katika fomu zake.

6. Sanduku la pamoja na daftari la rambirambi

Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika Saksonia, ulitengeneza utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji na kuuchapisha. Mapato ya kanisa na sadaka za waumini yaliwekwa pamoja ili kumtunza mchungaji, shule, yatima, wazee, wagonjwa na maskini. Wasimamizi walikuwa kumi, waliochaguliwa kutoka kwa wakuu, baraza la mji, wenyeji na wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilishikwa na makundi hayo manne, hata pasiwe na kundi moja liwezalo kulifungua peke yake. Lazima tuongeze kwamba utaratibu huo ulipata shida tangu mwanzo, kwa sababu baraza la mji halikutaka kuziachia mali lililokuwa linazishika. Luther alisikitika. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Lililopungua ni uaminifu wa waliokuwa na fedha.

Tukilitazama daftari letu la rambirambi kwa macho ya Leisnig, tunaona kwamba tunalo sanduku la pamoja tayari. Kila jumuiya inajua kuchangishana, kuandika majina, kutunza hesabu na kuisoma mbele za watu. Kinachokosekana ni wakati. Jeneza zuri linanunuliwa kwa ajili ya mtu aliyelala miezi mitatu juu ya godoro lililooza. Wageni mia mbili wanapikiwa wali katika nyumba ambayo wiki iliyotangulia haikuwa na sukari ya uji. Hatusemi haya kwa kuwadharau wafiwa. Mazishi ni ungamo la ufufuo, na jamii inayomzika mtu wake kwa heshima haijapotea. Tunasema kwamba heshima ile ile ingempasa alipokuwa angali na masikio ya kusikia wimbo na midomo ya kusema asante.

Tutoe hesabu ya mfano. Usharika wenye kaya 400, kila kaya ikitoa shilingi 500 kwa mwezi, hupata shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Fedha hizo haziwezi kulipa mshahara wa muuguzi wala kujenga wodi. Zinaweza kulipa pikipiki ya kumleta muuguzi kutoka kituo cha afya mara mbili kwa mwezi, nauli ya kijana wa usharika anayetumwa kuifuata dawa, sabuni, glavu, shuka na chakula kwa wagonjwa wachache walio katika hali mbaya. Kwa maneno mengine, zinalipa hasa ule urefu wa safari unaomtenga mgonjwa wa Mnazi na dawa iliyopo.

7. Mapendekezo

Kwanza, kila usharika uwe na mfuko wa wagonjwa wenye fungu la kudumu katika bajeti, na wala usitegemee sadaka ya dharura. Sehemu ndogo ya kila mchango wa msiba yaweza kutengwa kwa ajili yake, kwa ridhaa ya wafiwa, ili marehemu awe amemsaidia mgonjwa aliye hai. Tukumbuke kufuli nne za Leisnig: mfuko usimamiwe na mzee wa kanisa, mwakilishi wa akina mama, kijana na mwinjilisti, na hesabu isomwe hadharani kila robo mwaka.

Pili, wagawanyiwe mzigo wanaostahili. Usharika ubebe uwepo, safari na chakula. Dayosisi na hospitali zake zibebe mafunzo, usimamizi na mshahara wa muuguzi. Serikali ibebe mofini na idhini ya kuitoa hadi vituo vya tambarare. Makanisa yamekuwa na mkataba wa ushirikiano na Serikali katika huduma za jamii tangu mwaka 1992, na kupitia Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii tunayo sauti ya kulidai jambo hili. Marafiki wa ng'ambo wakaribishwe katika mambo ya kuanzia, kama vile mafunzo na vifaa, ili wakiondoka huduma isianguke.

Tatu, huduma isiulize dini. Katika Mnazi nyumba ya mgonjwa yaweza kuwa ya Mwislamu, na kumzuru mgonjwa ni wajibu kwao kama kwetu. Mchungaji na shekhe wakikutana kando ya kitanda kimoja, watajengana kuliko katika mikutano mingi. Hapo mgonjwa asishawishiwe kubadili dini kwa kijiko cha dawa. Diakonia iliyo na ndoana ndani yake si diakonia.

Nne, vyuo vyetu vimfundishe mwanafunzi kukaa na anayekufa. Wengi wetu tulihitimu tukiwa tunajua kuendesha ibada ya mazishi, bila kujua la kusema wala la kunyamazia wiki moja kabla yake. Kila mwanafunzi apate muda wa kumfuata muuguzi katika ziara za nyumbani, ajifunze dalili za maumivu, ajue mofini ni nini, na aweze kuwasaidia jamaa kuzungumza habari za wosia, msamaha na watoto.

Hitimisho

Thamani ya hospisi haipimwi kwa idadi ya waliopona, kwa kuwa hakuna anayetarajiwa kupona. Kwa sababu hiyo wafadhili huichoka upesi, na kwa sababu hiyo hiyo inalihusu Kanisa, ambalo tumaini lake halikujengwa juu ya kupona kwa mwili huu. Asiyeamini ufufuo aweza kuona kwamba fedha zinazotumika kwa mtu aliyebakiza wiki sita zimepotea. Sisi tunaoungama ufufuo wa mwili hatuwezi kusema hivyo, kwa maana mwili ule unaooshwa na kugeuzwa kitandani ndio ulioahidiwa uzima.

Tunawasihi basi ndugu wachungaji, katika kikao kijacho cha baraza la wazee, waulize jambo moja kabla ya kufungua ajenda nyingine: ni nani katika usharika huu anayelala leo asiyetarajiwa kuinuka, na nani alikuwa kwake juma hili? Majina yakiandikwa, fungu la bajeti litajulikana kiasi chake. Na pale ambapo hakuna aliyejua majina, kazi ya kwanza imekwisha kupatikana.